Wachezaji wa gemu, tuache kuuziwa mbuzi kwenye gunia!

Jamani, leo nina hasira. Na si hasira ya siasa, wala ya foleni, wala ya umeme kukatika. Ni hasira ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: adapta ya Wi-Fi. Ile ambayo sisi wenye kompyuta za mezani za kuchezea gemu tunaambiwa tuinunue ili "gemu lisikwame".

Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili asiyetaka kusoma hadi mwisho aondoke nayo. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la adapta haikwambii hata kidogo gemu lako litakwendaje. Anayekuuzia adapta ya gemu kwa kukuonyesha namba ile anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na wewe unayeinunua bila kuuliza swali hata moja, unalipia mlio wa mbuzi.

Utaniambia, "Bwana we, ni kaadapta tu, kuna mambo makubwa ya kuandika." Sikatai. Lakini fikiria ni vijana wangapi mjini hapa wamejichanga miezi kadhaa kununua kompyuta, kipande kwa kipande, kadi ya picha leo, kumbukumbu mwezi ujao. Halafu wanaingia Kariakoo na noti za mwisho mfukoni, wanatoka na kitu kisichowasaidia, na wanarudi nyumbani kulaumu mtandao. Hiyo ni hela ya mtu. Hela ya mtu haina udogo.

Haya, tuifungue hiyo namba.

Chukua boksi lililoandikwa AC1200. Ukilisoma haraka unadhani ni megabiti 1,200 kwa sekunde. Ukweli ni kwamba adapta hiyo ina masafa mawili. Kwenye masafa ya GHz 2.4 kiwango chake cha juu ni Mbps 300. Kwenye masafa ya GHz 5 ni Mbps 867. Jumlisha: 1,167. Halafu wakaona 1,167 haipendezi machoni, wakaipandisha ikawa 1,200. Basi! Na adapta ya aina hiyo ikiunganishwa na ruta hutumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hiyo 1,200 haitokei. Haitokei kesho, haitokei mwakani, haitokei hata ukilala juu ya ruta.

Ni sawa na konda akwambie daladala lake linakwenda kilomita 200 kwa saa, kwa sababu gia ya pili linafika 60 na gia ya nne linafika 140. Ungecheka, ungeshuka. Mbona kwenye adapta hatucheki?

Mambo hayaishii hapo. Hata hiyo 867 ni kasi ya juu ya redio kabla ya kutoa muda wa kusubiriana, kuthibitishiana na kurudia kilichopotea. Kinachokufikia ni pungufu sana. Na kama adapta ni ya USB 2.0, tundu lenyewe lina kikomo cha Mbps 480 hata kwenye karatasi. Yaani kuna adapta zinazotangaza 867 huku zimechomekwa kwenye mlango usioweza kupitisha hicho kitu! Muulize muuzaji kuhusu hilo uone atakavyoanza kupanga upya bidhaa zake rafuni.

Kuna watakaosema hii si sahihi kwa Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa vyeti Januari 2024, kwa sababu yenyewe inaweza kutumia masafa zaidi ya mamoja kwa pamoja. Kweli. Lakini inahitaji ruta ya Wi-Fi 7 pia, na hivyo vidude vya AC600, AC1200 na AC1300 vinavyoning'inia madukani havimo humo.

Sasa tufanye kama tumekubali. Tuseme namba ni ya kweli tupu. Je, gemu linaihitaji?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Gemu la mtandaoni, likishapakuliwa, linatumia data kidogo mno. Mechi ya kurushiana risasi au ya mpira mara nyingi haivuki Mbps 1 au 2. Linachotuma ni taarifa ndogondogo: nimesogea hapa, nimebonyeza hiki, nimepiga kule. Vifurushi vidogo, vingi, kila sekunde. Kinacholiua gemu ni vifurushi hivyo kuchelewa, au kufika kwa fujo, kimoja mapema na kingine baada ya mwaka.

"Lakini kupakua je?" Sawa, tupige hesabu. Gemu la GB 100, na faiba yako ya nyumbani ni ya Mbps 20. Gigabaiti 100 ni megabiti 800,000. Gawanya kwa 20, unapata sekunde 40,000, ambazo ni kama saa 11. Ukiwa na adapta ya 433 ni saa 11. Ukiwa na adapta ya 1,200 ni saa zile zile 11. Bomba la kuingilia nyumbani ndilo jembamba, na wewe unabadilisha bomba la jikoni!

Kwa hiyo neno la kuuliza dukani si kasi. Ni ucheleweshaji. Wachezaji wanaita pingi: muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde.

Pingi ina sehemu ambayo hakuna duka linaloweza kukuuzia dawa yake. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, milisekunde 25 zimeshakwenda hata kama waya ungenyooka kama rula, na haunyooki. Seva ikiwa Frankfurt, kama kilomita 7,000, ni milisekunde 70. Hiyo ni fizikia, haina rafiki wala mjomba.

Na hapa historia inatuhusu sisi wa pwani hii. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu na dunia yalitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Taarifa kupanda, kushuka, na jibu kupanda na kushuka tena, ilikuwa karibu nusu sekunde, na hapo hamjafanya lolote. Nani angecheza gemu na mtu wa mbali kwa hali hiyo? Julai 2009 ukaja mkongo wa SEACOM, mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Tuliona umuhimu wake Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipopata hitilafu baharini na nchi nzima ikaanza kuhangaika. Mabilioni yamezamishwa baharini ili ile nusu sekunde ipungue. Halafu taarifa inavuka bahari salama, inafika mtaani kwako salama, inafika kwenye ruta yako sebuleni salama, inakuja kufia mita tano za mwisho kwa sababu ya kidude kilichochomekwa nyuma ya CPU chini ya meza. Inaniuma, wallahi.

Kwa nini inafia hapo? Kwa sababu Wi-Fi ni kikao cha watu wanaotumia chaneli moja. Kila kifaa lazima kisikilize kwanza kama kuna mwingine anaongea, kisubiri, ndipo kiongee. Wawili wakiongea pamoja, wote wanaharibu na wanarudia. Kwenye masafa ya GHz 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Sasa hesabu ruta zilizopo kwenye ghorofa moja la kupanga pale Sinza au Magomeni. Ongeza vifaa vya Bluetooth, ongeza oveni ya maikrowevu ya jirani, vyote viko masafa hayo hayo. Adapta yako inasubiri zamu, inarudia, inasubiri tena. Wewe kwenye kioo unaona adui yuko mlangoni, kumbe ameshakuua zamani.

Watengeneza gemu wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2020 Tekken 7 iliongezewa alama inayomwonyesha mpinzani wako kama umeunganishwa kwa Wi-Fi au kwa waya. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 nayo inaonyesha. Na wapo wachezaji wengi wakiona alama ya Wi-Fi wanakataa mechi. Hawakuulizi adapta yako ni ya namba ngapi! Wanaona alama, wanaondoka. Soko zima la "adapta za gemu" limejengwa juu ya kitu ambacho wachezaji wenyewe wanakikwepa.

Binamu yangu, kijana wa chuo, alinunua moja ya adapta hizo. Ndogo kama ukucha, boksi limeandikwa namba ya kutisha na picha ya joka linalotema moto. Akaichomeka nyuma ya CPU, pembeni ya diski ya nje ya USB 3.0, CPU iko chini ya meza, ukutani. Gemu likawa linaganda kila baada ya dakika mbili. Akarudi dukani, akaambiwa tatizo ni "kampuni ya mtandao wako". Wala hawakuijaribu.

Nilipokwenda kwake sikuhitaji uchawi. Tazama jinsi kidude hicho kilivyowekwa. Mbele yake kuna sanduku la chuma, na chuma huzuia mawimbi ya redio. Nyuma yake ukuta wa tofali za saruji. Ubavuni kuna USB 3.0, na mwaka 2012 Intel yenyewe ilichapisha waraka ikieleza kwamba vifaa na waya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayosumbua vifaa vya GHz 2.4. Yaani umemfungia mtu chumbani, umemwekea spika ya singeli sikioni, halafu unamlaumu hasikii! Tulichukua ekstensheni ya USB ya mita moja na nusu, tukaipandisha adapta juu ya meza, mbali na ile diski. Hali ikawa nafuu papo hapo. Dawa ilikuwa kipande cha waya ambacho muuzaji alikuwa nacho dukani, na hakukitaja, kwa sababu joka linalotema moto lina faida kubwa zaidi.

Najua wauzaji watajitetea. Utetezi wa kwanza: "Namba si uongo, ni kiwango cha nadharia, na kila kampuni duniani inaandika hivyo." Kila kampuni kuandika hivyo hakuifanyi iwe kweli. Kipimo kinachojumlisha vitu viwili visivyotokea pamoja si nadharia, ni ngonjera. Sheria yetu ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Ningependa kuona Tume ya Ushindani ikiyatazama maboksi haya kwa jicho lile lile inalotazama bidhaa bandia. Kumpotosha mteja kwa bidhaa halisi ni kumpotosha vilevile.

Utetezi wa pili: "Wateja wenyewe wanataka namba kubwa na bei ndogo." Hapa nakubali nusu. Tumezoea hivyo. Lakini nani katuzoesha? Na sisi waandishi tumo. Kurasa ngapi za teknolojia unazosoma zinanakili maneno ya boksi neno kwa neno na kuyaita uchambuzi? Mwandishi asiyepima ni tarishi wa tangazo, tofauti ni kwamba tarishi hulipwa vizuri zaidi.

Utetezi wa tatu unatoka kwa wakubwa zetu: "Gemu ni utoto, achaneni nalo." Shikamooni wazee wangu, lakini adapta hiyo hiyo ndiyo anayotumia kijana kufanyia usaili wa kazi kwa video, na binti anayefundisha Kiswahili wanafunzi walioko Ulaya akiwa chumbani kwake Tabata. Sauti ikikatika katikati ya usaili, hakuna anayempa nafasi ya pili. Gemu linawahi tu kuonyesha ugonjwa.

Basi tuchague nini? Nasema wazi, na anayebisha alete hoja.

Kwanza, waya. Ndiyo, waya! Nimechoka na hii dhana kwamba waya ni ushamba. Mita 20 za waya wa Cat5e na vichwa vyake viwili mara nyingi ni nafuu kuliko hiyo adapta ya joka, na waya huo unakubali hadi mita 100. Hauna zamu, hauna jirani, hauna maikrowevu. Kama ruta iko nyumba hiyo hiyo na mwenye nyumba hana neno na waya kupita pembeni ya ukuta, mjadala umekwisha, okoa hela yako ununue kitu kingine.

Lakini wengi wetu ni wapangaji. Ruta iko sebuleni kwa mwenye nyumba, na ukitoboa ukuta unatafutiwa sababu. Kwako wewe Wi-Fi ni hali halisi, na ndiyo maana unastahili kuambiwa ukweli kuliko mtu yeyote. Anza na ruta. Igeuze usome kibandiko chake, au uliza kampuni iliyokupa. Adapta haiwezi kuongea lugha ambayo ruta haiijui. Ruta ikiwa ni ya GHz 2.4 peke yake, adapta ya Wi-Fi 6 ya bei kubwa itarudi kuishi huko huko na wenzake. Na kama intaneti yako ni ya laini ya simu, jua kwamba sehemu kubwa ya kuyumba huenda inatoka mnarani, na hakuna adapta itakayoutibu mnara.

Ruta ikiwa na GHz 5, chukua kadi ya ndani, ile inayochomekwa kwenye madabodi kwa tundu la PCIe, yenye antena zilizo kwenye kitako chenye waya, ili antena zikae juu ya meza na si nyuma ya chuma. Wi-Fi 5 au Wi-Fi 6 inatosha kabisa. Wi-Fi 6E isikutie wazimu: inahitaji ruta ya GHz 6 na Windows 11. Kama huna hiyo ruta, unalipia mlango wa nyumba usiyo nayo. Na GHz 5 haipendi kuta nene, hivyo ukiwa kuta mbili kutoka kwenye ruta, jaribu masafa yote mawili kabla ya kuhukumu.

Kuwa macho na mitego miwili. Intel AX200 na AX201 zinafanana majina kama pacha, lakini AX201 inafanya kazi tu kwenye kompyuta za Intel zilizotengenezwa kuipokea. Ukiibeba kwenye kompyuta ya AMD umenunua pambo. Mtego wa pili ni Bluetooth. Kwenye kadi nyingi za ndani haifanyi kazi mpaka uchomeke kawaya kake kwenye pini za USB za madabodi. Angalia kama pini zipo wazi kabla hujalipa.

Kama PCIe imejaa au huwezi kufungua kompyuta, basi USB 3.0 yenye antena ya nje, pamoja na ekstensheni yake, itumie GHz 5. Na hizo antena ndefu zinazojisifia namba za dBi zisikutishe. Antena haitengenezi nguvu mpya. Inachukua ile iliyopo na kuielekeza zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama kuubana mdomo wa mpira wa maji.

Mwisho, pima mwenyewe. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ping, acha nafasi, kisha namba ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, malizia na -t. Iache ikimbie dakika tano wakati wa jioni, majirani wote wakiwa nyumbani. Kwa waya utaona chini ya milisekunde 1, mstari baada ya mstari. Kwa Wi-Fi nzuri utaona milisekunde chache zilizotulia. Ukiona 3, 4, 180, 5, 310, umemkamata mwizi wako, na yuko ndani ya nyumba, si kwa kampuni ya mtandao. Ukiona ruta imetulia lakini gemu linaganda kila mtu wa nyumbani anapopakua filamu, hapo bomba limejaa foleni, na adapta mpya haitakusaidia kitu.

Kipimo hicho ni cha bure. Kifanye kabla hujatoka nyumbani kwenda dukani. Na ukifika, mwambie muuzaji akufungulie gunia: chipu gani, tundu gani, masafa gani, na nikirudisha kesho utapokea? Akishindwa kujibu, mwachie mbuzi wake.

Tafakari, kisha chukua hatua. Alamsiki.